Mzigo unatoka China, basi kwa nini ninalipa kwa dola?

Mfanyabiashara wa vyombo, Kariakoo:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nina duka la vyombo vya nyumbani Kariakoo, na kwa miaka kumi na moja sasa mzigo wangu wote unatoka China: masufuria, chupa za chai, mabeseni, vikombe. Mwaka 2023 biashara yangu ilikaribia kusimama. Wateja walikuwapo, na mwenye kiwanda alikuwa tayari kuniuzia kama siku zote. Shilingi nilikuwa nazo za kutosha kwenye akaunti, lakini benki haikuwa na dola za kuniuzia, na kila nilipokwenda niliambiwa nijiandikishe nisubiri. Nilisubiri wiki saba. Dola iliyokuwa ikiuzwa kwa shilingi 2,300 na ushei mwanzoni mwa mwaka ilivuka 2,500 kabla mwaka haujaisha, na wale walionishauri nikatafute pembeni walinitajia bei ambayo ingenilazimu kuipandisha sufuria hadi pale ambapo mama lishe, ambaye ndiye mteja wangu mkubwa, asingeweza kuinunua.

Katika kusubiri huko ndipo swali hili liliponikaa moyoni. Mimi ni Mtanzania, muuzaji wangu ni Mchina, sufuria imetengenezwa China na itapikiwa ubwabwa Mbagala. Mmarekani hayumo mahali popote katika biashara hii. Kwa nini basi nisiweze kununua sufuria mpaka kwanza nimenunua fedha ya Marekani?

Kila siku tunaambiwa kwamba nguvu ya uchumi wa dunia imehama kutoka Magharibi kwenda Mashariki, na wapo wanaoandika kwamba ubepari tulioujua uko ukingoni. Naomba wenye elimu mnifafanulie. Kama nguvu imehama kweli, mbona fedha haijahama? Na kinachokuja ni mwisho wa ubepari, au ni nyumba ileile iliyopata mwenye nyumba mpya? Naomba pia tusijibu kwa ushabiki wa kuipenda China au kuichukia Marekani, kwa sababu mtu anayelala bila kujua kama mzigo wake utafika hahitaji ushabiki.

Mwalimu wa uchumi, Morogoro:

Dada yangu, pole kwa yaliyokupata. Nitajaribu kukujibu kwa utaratibu, kwa sababu swali lako limegusa jambo ambalo hata wachumi hulichanganya: nguvu ya kuzalisha na nguvu ya fedha ni vitu viwili tofauti, na haviendi kwa mwendo mmoja.

Kuhusu uzalishaji, uliyoyasikia ni kweli. China ilianza kufungua uchumi wake mwaka 1978 chini ya Deng Xiaoping, ikaingia Shirika la Biashara Duniani Desemba 2001, ikaipita Japani mwaka 2010 na kuwa ya pili kwa ukubwa wa uchumi, na tangu 2009 hakuna nchi moja inayofanya biashara kubwa zaidi yake na bara letu. Ukipima kwa uwezo halisi wa fedha kununua vitu, uchumi wake umeshaupita ule wa Marekani.

Fedha ina historia nyingine. Mwaka 1944, wajumbe wa nchi 44 walikutana Bretton Woods, Marekani, wakakubaliana kwamba fedha zao zipimwe kwa dola, na dola yenyewe ipimwe kwa dhahabu, wakia moja kwa dola 35. Tarehe 15 Agosti 1971 Rais Richard Nixon aliukata uhusiano huo wa dola na dhahabu. Kwa hesabu za kawaida dola ilipaswa kupoteza enzi yake siku ile, lakini haikuipoteza, kwa kuwa mafuta yaliendelea kuuzwa kwa dola, na waliouza mafuta walihitaji mahali pa kuweka akiba ambapo wangeweza kuingiza na kutoa fedha wakati wowote bila kuomba ruhusa.

Hapo kwenye ruhusa ndipo yuan, fedha ya China, inapokwama. Serikali ya China inadhibiti fedha zinazoingia na kutoka nchini mwake, na ina sababu zake: kati ya mwaka 2014 na mwanzo wa 2017, akiba yake ya fedha za kigeni ilishuka kutoka karibu dola trilioni 4 hadi trilioni 3, baada ya wenye mali kuzihamisha na Benki Kuu kulazimika kuitetea yuan. Anayetaka fedha yake iwe ya dunia hana budi kuiachia izurure duniani, na China haijakubali hilo. Ndiyo maana, ingawa sehemu ya dola katika akiba za benki kuu duniani imeshuka kutoka zaidi ya asilimia 70 mwaka 1999 hadi chini ya 60, yuan imepata takriban asilimia 2 tu. Hata benki iliyoanzishwa na nchi za BRICS (Brazil, Urusi, India, China na Afrika Kusini), yenye makao yake Shanghai, bado inakopesha sehemu kubwa ya fedha zake kwa dola.

Tena si mara ya kwanza. Uchumi wa Marekani uliupita wa Uingereza kabla karne ya 19 haijaisha, lakini pauni iliendelea kushika usukani kwa miongo mingi baadaye. Shilingi ya Afrika Mashariki ilipoanzishwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilifungwa kwenye pauni, shilingi 20 kwa pauni moja, na bodi iliyoisimamia ilikaa London, katika miaka ileile ambayo Uingereza ilikuwa na deni kubwa kwa Marekani.

Kuhusu wiki zako saba, chanzo kimojawapo kikubwa kilikuwa Washington. Kuanzia Machi 2022, Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu na sifuri hadi zaidi ya asilimia 5 katikati ya 2023, ili kutuliza bei za vitu nchini mwake. Wenye dola duniani kote wakaona ni faida zaidi kuzirudisha Marekani. Ukaongezea bei ya mafuta na mbolea iliyopanda kwa vita vya Ukraine, nchi kama yetu ikawa inahitaji dola nyingi zaidi wakati uleule ambao dola zilikuwa zinakimbia. Hakuna aliyekukusudia wewe, na kwangu hilo ndilo linalotisha, kwamba uamuzi uliofanywa kwa ajili ya bei za dukani Marekani unaweza kulifunga duka la Kariakoo bila aliyeuamua kujua kwamba duka hilo lipo.

Msomaji wa Mombasa:

Mwalimu ameeleza vizuri, lakini ningependa tuitazame pia nguvu hiyo kwa upande wa deni, kwa maana sisi Wakenya tumewaonja wakopeshaji wa pande zote mbili.

Mwaka 2014 serikali yetu iliuza hatifungani (hati za mkopo wa serikali) za kwanza za kimataifa kwa wawekezaji wa Magharibi. Mwaka huohuo ilikopa kiasi cha dola bilioni 3.2 kutoka Benki ya Exim ya China ili kujenga reli ya kisasa kutoka hapa Mombasa hadi Nairobi. Wakati ule tulihubiriwa kwamba mkopeshaji wa Mashariki ni rafiki na hafanani na yule wa zamani. Lakini mikopo yote miwili iliandikwa kwa dola, na sehemu ya mkopo wa reli ilitolewa kwa riba ya kibiashara inayopanda na kushuka na soko. Riba ya Marekani ilipopanda, deni letu kwa Mchina nalo lilipanda. Februari 2024, ili kulipa hatifungani zilizokuwa zinaiva, Kenya ilikopa upya dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75. Kukopa harusi, kulipa matanga: miezi minne baadaye vijana waliingia barabarani kuupinga Muswada wa Fedha wa kuongeza kodi, na wapo ambao hawakurudi nyumbani.

Oktoba 2025 Hazina yetu ilitangaza kwamba mikopo ya reli imegeuzwa kutoka dola kuwa yuan, na kwamba tutaokoa dola zipatazo milioni 215 kwa mwaka kwa sababu riba ya yuan ni ndogo. Ninakubali kwamba huo ni unafuu wa kweli. Lakini ninauliza, yuan za kulipia zitatoka wapi, iwapo tunachoiuzia China ni kidogo mno ukilinganisha na tunachokinunua kwake? Itabidi tuzinunue, na tutazinunua kwa dola.

Mstaafu wa reli, Mbeya:

Wanangu, nimesoma yote mliyoandika, na ninaomba niongeze jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu.

Niliajiriwa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, nikiwa kijana, reli ikiwa bado inanukia rangi mpya. Kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, zilizojengwa kuanzia mwaka 1970 hadi 1975. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda walikuwa wameziomba kwanza nchi za Magharibi na Benki ya Dunia, na jibu walilopewa ni kwamba reli hiyo haina faida. China, iliyokuwa nchi maskini wakati ule, ikatoa mkopo wa yuan milioni 988 usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30. Mwulize mfanyabiashara wetu wa Kariakoo kama amewahi kusikia mkopo wa namna hiyo.

Sasa sikilizeni namna gharama za humu nchini zilivyolipwa. Mishahara ya vibarua na mahitaji mengine yalihitaji shilingi, na China haikuwa na shilingi. Basi ilileta bidhaa, zikauzwa katika maduka yetu, na fedha iliyopatikana ndiyo iliyolipa gharama za reli. Wananchi walinunua vyombo na vitambaa vya Kichina, na kwa kununua huko walikuwa wanaijenga reli. Kwa hiyo binti yangu, vyombo vya Kichina kubadilishana na shilingi ya Tanzania bila dola kupita katikati ni jambo lililokwisha kufanyika hapahapa nchini, nusu karne iliyopita. Siwafichi kwamba baadhi ya bidhaa zile zilidoda madukani kwa sababu watu hawakuzitaka, na utaratibu wenyewe ulikuwa na usumbufu wake. Lakini ulifanyika.

Septemba 2025 ulitiwa saini mkataba wa miaka 30 wa kuikabidhi reli hiyohiyo kwa kampuni ya China, CCECC, itakayowekeza dola bilioni 1.4 na kurudisha fedha zake kwa kuiendesha. Sina ugomvi na mkataba huo, kwa sababu nimeyaona mabehewa yetu yalivyochakaa na ninatamani kuyaona yakitembea kabla sijafa. Lakini pimeni tofauti. Mara ya kwanza Mchina alikuja kama ndugu katika ukombozi, akahesabu kwa yuan na hakutaka riba. Mara ya pili amekuja kama mwekezaji, na anahesabu kwa dola. Wapo zaidi ya sitini wa kwao waliokufa wakiijenga reli ile, na makaburi ya wengi wao yako Gongo la Mboto. Mimi ninawakumbuka kwa heshima, na ndiyo maana mabadiliko haya yananiuma.

Mkazi wa Unguja:

Shikamoo Mzee wetu. Nina neno fupi la historia.

Bibi zetu walikiita kitambaa kigumu cheupe cha pamba kwa jina la merikani, na jina hilo halikutoka hewani. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakikileta Unguja kwa merikebu na kuondoka na pembe za ndovu na sandarusi, aina ya utomvu. Mwaka 1833 Sultani Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani. Kitambaa hicho kiliingia bara hadi Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kikawa fedha, maana mikono kadhaa ya merikani ilinunua chakula na kulipa wapagazi. Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka Marekani mwaka 1861, pamba ikakatika, na nafasi ile ikachukuliwa na wengine, hatimaye viwanda vya Bombay. Viwanda vya Bombay vilifuma kitambaa cha aina ileile, na watu wakaendelea kukiita merikani.

Ninaikumbuka habari hiyo kila ninaposikia kwamba dola haiwezi kuondoka kwa sababu kila mtu ameizoea.

Mfanyabiashara wa vyombo, Kariakoo:

Marahaba kwa wadogo zangu, na shikamoo Mzee wangu wa Mbeya. Simulizi yako nimemsomea mume wangu kwa sauti.

Bado sehemu ya pili ya swali langu haijajibiwa. Mwaka 1986 nchi yetu ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, baba yangu aliyekuwa karani wa kiwanda cha nguo cha umma aliambiwa kwamba serikali haina kazi katika biashara, na baadaye kiwanda kikafungwa. Leo ninasoma kwamba Marekani yenyewe ilitunga sheria mwaka 2022 ya kutoa zaidi ya dola bilioni 50 kusaidia viwanda vya vifaa vya kompyuta, na Aprili 2025 ikatangaza ushuru wa angalau asilimia 10 kwa bidhaa za karibu kila nchi. Je, huo bado ni ubepari tuliofundishwa? Na wa China, ambako benki kubwa ni mali ya serikali, tuuite nini?

Msomaji wa Lubumbashi:

Bwana asifiwe, ndugu wa Tanzania na Kenya. Mimi ni Mkongomani, na swali hilo la dada ninaweza kulijibu kwa kusimulia mgodi.

Katanga yetu, eneo la migodi kusini mwa Kongo, ilianza kuchimbwa kwa kiwango kikubwa na kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906 wakati wa Wabelgiji. Baada ya uhuru, Rais Mobutu aliitaifisha ikawa kampuni ya serikali, Gécamines. Gécamines ilipodhoofika, wawekezaji wa nje wakarudi, na mgodi wa Tenke Fungurume, wenye shaba na kobalti nyingi ajabu, ukawa chini ya kampuni ya Kimarekani ya Freeport-McMoRan. Mwaka 2016 Wamarekani hao, wakiwa na madeni mazito, waliuza hisa zao kwa kampuni ya Kichina ya China Molybdenum kwa dola bilioni 2.65. Siku ile nguvu ya dunia ilihama mbele ya macho yetu. Miaka michache baadaye Wamarekani walishtuka kugundua kwamba betri za magari ya umeme zinahitaji kobalti, kwamba Kongo inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti yote ya dunia, na kwamba sehemu kubwa inasafishwa China.

Mchimbaji, je, aliona tofauti gani? Lugha ya msimamizi ilibadilika, na bendera ya getini. Jiwe liliendelea kuondoka likiwa ghafi au nusu ghafi, na faida kubwa ilibaki kule linakosafishwa. Kwa hiyo dada, mwenye nyumba akiwa kampuni ya watu binafsi au kampuni yenye mkono wa serikali, mpangaji analipa kodi ileile. Marekani inatoa ruzuku, China inatoa ruzuku, na zote mbili zinajua jambo ambalo baba yako alikatazwa kulijua, kwamba hakuna taifa lililojenga viwanda bila serikali kuvilea.

Ila mwaka 2025 lilitokea jambo lililonipa moyo. Februari serikali yetu ilisimamisha kuuza kobalti nje kwa sababu bei ilikuwa imeporomoka, na Oktoba ikaweka mgawo wa kiasi kinachoruhusiwa kutoka. Bei ilipanda. Ninajua udhaifu wa serikali yetu na sisemi kwamba fedha hiyo itamfikia mama wa Kolwezi, mji wetu wa migodi. Lakini niliona kwa mara ya kwanza wanunuzi wa Mashariki na wa Magharibi wakisubiri neno kutoka Kinshasa.

Mwalimu wa uchumi, Morogoro:

Ndugu wa Lubumbashi amenitoa neno mdomoni, nami naongeza hili kwa ajili ya matumizi ya dada yetu.

Muuzaji wako huenda akakubali yuan ukimwomba, na pengine atakupunguzia bei kidogo kwa sababu naye anaepuka gharama ya kubadilisha. Tatizo ni lile alilolitaja ndugu wa Mombasa. Mwaka 2024 biashara ya China na Afrika ilifikia takriban dola bilioni 295, na China ilituuzia zaidi ya ilichonunua kwetu kwa tofauti ya dola zipatazo bilioni 60. Yuan zinapatikana kwa anayeiuzia China kitu. Kwetu, mmoja wa hao ni mkulima wa ufuta wa Lindi na Mtwara, kwa kuwa China ni mnunuzi mkubwa wa ufuta wetu. Ufuta unakwenda China, vyombo vinatoka China, meli zinapishana baharini. Lakini malipo ya huu na malipo ya vile yote yanapitia kwenye akaunti za benki zilizoko New York kabla ya kufika yanakokwenda. Benki zetu zingeweza kuwakutanisha msafirishaji wa ufuta na mwagizaji wa vyombo, wa kwanza akalipwa yuan na wa pili akazinunua, na dola ikabaki kwa mahitaji mengine. Hilo halingoji China iishinde Marekani. Linahitaji wanaouza na wanaonunua wajuane, na Benki Kuu iweke utaratibu.

Mfanyabiashara wa vyombo, Kariakoo:

Ahsante Mwalimu, ahsanteni nyote. Kaka yangu mkubwa yuko Lindi na ufuta wake huuzwa kwenye mnada wa stakabadhi ghalani kila msimu, lakini hajawahi kuniambia ni nani anayeununua wala anaupeleka wapi, nami sijawahi kumwuliza. Nitampigia leo jioni nimwombe jina la kampuni iliyochukua mzigo wa mwaka huu. Nikipata jibu nitarudi hapa niwaeleze.